Fungu la Kisima

Tulikuwa mimi, mdogo wangu Seif, na Zuhura, kitinda mimba wetu, tumekaa kwenye mkeka mmoja chini ya dirisha. Alikuwepo Baba Mkubwa Athumani, kaka yake baba, mwenye mji ule wa Kisarawe. Alikuwepo Shangazi Mwajuma, dada yao, aliyetoka Mbagala. Alikuwepo Mjomba Salum, kaka yake mama, aliyekuja kutoka Magindu na vumbi la ng'ombe kwenye viatu. Na alikuwepo Mama Shija, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Alikuwa Msukuma, jirani yetu wa Misugusugu, na kwa kuwa sisi ni Wazaramo, alikuwa mtani wetu. Tangu asubuhi alikuwa jikoni akigombana na wapishi. Wengine wote walikwisha kula pilau ya arobaini ya mama, wakaaga. Hao niliowataja ndio waliobaki.

Juzi nilipokata kamba za belo la mabegi, harufu ya ndani yake, ile ya dawa ya nondo na vumbi la nchi nisizozijua, ilinirudisha kwenye mkeka ule kabla sijajiandaa. Harufu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama. Wenzangu wa rika langu ambao mama zenu waliuza mitumba kando ya barabara ya Morogoro mtanielewa. Mama mwingine ananukia udi, mwingine vitunguu. Wetu alinukia belo.

Mama aliuza mabegi ya shule. Kila begi tulilipekua kabla halijatundikwa, maana wenyewe wa huko walisahau vitu: penseli, kitambaa, mara moja jino la mtoto kwenye karatasi, tukalizika. Siku moja Seif alitoa kopo la bati limejaa kadi. Hazikuwa karata za kawaida. Kila moja ilikuwa na picha yake, joka, mnara, mtu anayewaka moto, na chini ya picha maneno ya Kiingereza. Belo lile lilikuwa na makopo mengine, mama akawa anawapa watoto kadi chache kila mzazi akinunua begi. Haukupita muda mtaa wetu wote ukawa na kadi. Watoto walibadilishana kwa gololi, kwa ubuyu, kwa zamu ya kuendesha baiskeli.

Karatasi ya maelekezo hatukuwahi kuiona. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nina kamusi iliyong'oka jalada, basi nikawa msomaji wa mtaa. Nilisoma maneno ya kila kadi, na palipobaki pengo tuliziba wenyewe. Tulikubaliana kwamba mchezo ni wa watu wanne, kila mmoja na fungu lake, kifudifudi. Zamu yako ikifika unaokota kadi moja ya juu ya fungu lako, kisha unaweza kuweka kadi sakafuni zikufanyie kazi. Mwenye joka anampiga mwenye kibwengo. Na anayetakiwa kuokota kadi huku fungu lake limekwisha, huyo amekufa. Sheria hiyo ya mwisho hakuna aliyeijali. Nani angengoja kadi ziishe wakati majoka yapo?

Sisi tulikuwa watatu, na wa nne alikuwa Mama Shija. Alikaanga mihogo mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwetu, na biashara ikipoa alikuja kukaa barazani na kuchukua fungu lolote. Kiingereza hakujua. Alicheza kwa kuangalia sura.

"Huyu ana macho kama Mzaramo aliyesikia ngoma," alisema, akitupa kadi sakafuni. "Anafanya nini huyu?"

"Anakaba, Mama Shija."

"Basi akukabe wewe. Mnaacha sufuria motoni mkakimbilia mdundiko, leo mtakoma."

"Na nyie mnaopika ugali mkubwa kama kichuguu je?" Seif alimjibu.

"Kichuguu kinashibisha. Cheza."

Mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Alikuwa ameanza kulala mchana, jambo ambalo sikumbuki kulishangaa. Niliamini amechoka na mabegi. Tulicheza barazani ili atusikie, na kila tulipokaa kimya aliuliza kwa sauti ndogo, "Mbona mmenyamaza?" Nadhani kelele zetu zilimwambia kwamba tupo.

Mimi nilikuwa nashindwa kila mara. Kadi zikija, Seif alichagua kwanza, kisha Zuhura, mimi nachukua makapi. Mtu aliyezaliwa wa kwanza ataelewa, si wema, ni mazoea ya mkono. Seif alikuwa na majoka, Zuhura alikuwa na chochote chenye mabawa. Mimi nilibaki na vitu ambavyo mtoto hana haja navyo, picha ya kisima, picha ya mwanamke aliyebeba ndoo.

Jioni moja, kwa kukosa cha kufanya, nilivisoma vizuri. Kisima kilisema kwamba ukikitumia, kila mchezaji anaokota kadi mbili. Kila mchezaji, hata adui zako. Ndiyo maana hakuna aliyekitaka. Mwanamke wa ndoo alisema kwamba kitu kilichokwisha kutumika anaweza kukiamsha kitumike tena. Niliziweka kadi mbili zile pamoja kwenye sakafu, na nakumbuka nilisimama. Kisima, ndoo, kisima, ndoo. Wote wanaokota, na wanaendelea kuokota. Kitu pekee kilichonizuia ni kwamba hata mimi ningeishiwa na kufa pamoja nao. Nilihitaji kitu cha kurudisha kadi zangu nilizotupa.

Kitu hicho kilikuwepo. Kilikuwa kwa Godi, mtoto wa mwalimu, aliyekaa upande wa pili wa barabara: kadi ya mzee anayefagia uwanja. Godi aliidharau lakini alipoona naitaka akaipenda ghafla. Nilimpa kadi yangu moja tu yenye thamani, nyati wa dhahabu, nikamwongezea na kumchotea maji juma zima. Kisha nikakaa na fungu langu. Nilitoa kila kadi ya kupigana. Nilibakiza za kujikinga, chache, na zile za kunisaidia kuzitafuta zile tatu upesi. Lilikuwa fungu baya kulitazama. Halikuwa na jino hata moja.

Siku nilipolicheza, Mama Shija alikuwa ameuza mihogo yote na roho yake ilikuwa nyeupe. Nikaweka kisima. "Kila mtu aokote mbili," nikasema.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Mayoo! Mzaramo leo anatoa!" Akaokota. Nikaweka ndoo. Nikawaambia waokote tena. Zuhura alipiga makofi kwa furaha, mikono yake midogo haikuweza kuzishika kadi zote, zikawa zinamdondokea mapajani. Seif alipata joka lake kubwa na akaanza kunihesabia siku za kuishi. Okoteni tena. Mzee akafagia, kadi zangu zikarudi chini ya fungu langu. Okoteni tena.

Seif ndiye aliyenyamaza kwanza. Alilitazama fungu lake, lilikuwa limebaki jembamba kama biskuti. Kisha likawa halipo. Mikono ilikuwa imejaa na fungu halipo. Nikasema okoteni, na wote watatu wakapeleka mkono kwenye sakafu tupu.

"Mmekufa," nikasema.

Mama Shija alibaki ameduwaa, ameshika kadi kama mtu aliyeshika kuku wengi kwa miguu. "Nimekufaje? Hujanipiga. Hujanitukana hata."

"Fungu limekwisha."

"Yaani umenishibisha mpaka nimekufa?" Akageukia pazia, akapaza sauti. "Mama Mwanahawa! Umezaa nyoka huku! Anakukaribisha chakula, unasema ahsante, unakula, unakufa bado unasema ahsante!"

Kutoka chumbani tulimsikia mama akicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Nilijisikia fundi wa dunia nzima.

Hatukucheza tena mara nyingi baada ya hapo. Mama alipelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena. Baba alikuwa ametangulia zamani, Zuhura hakumjua hata kwa sura. Mama tulimzika Kisarawe, kwenye mji wa Baba Mkubwa, chini kidogo ya mikorosho, na sisi tukabaki kule tukingoja arobaini. Nilikuwa nimekuja na sare zangu za shule, nikazifua na kuzipiga pasi kila Jumapili, kwa sababu niliamini kwamba arobaini ikiisha watu hurudi walikotoka. Mimi nilifikiri ndiyo maana yake.

Basi siku yenyewe ikafika. Mama Shija alikuja alfajiri kwa pikipiki, amebeba gunia la mihogo, na kabla hajaamkia mtu alikwishaanza kazi ya mtani. Alinyang'anya kandambili za Baba Mkubwa na hakuzirudisha mpaka alipokombolewa kwa mnofu wa nyama. Akajitupa kwenye kitanda alicholazwa marehemu kabla ya kuzikwa, akisema kimekuwa chake. Watu waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanatoka. Nilikuwa nimeona utani misibani, lakini kwa mbali, miguuni kwa watu wazima. Hakuna aliyewahi kunieleza unaanzia wapi na unaishia wapi.

Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, wageni wakaondoka. Baba Mkubwa akatuita uani, tukakaa kwenye ule mkeka chini ya dirisha, akakohoa kidogo, akaanza Shangazi.

"Zuhura bado mdogo," alisema Shangazi Mwajuma, kwa upole kabisa. "Mtoto wa kike anataka mikono ya mwanamke. Nitakwenda naye Mbagala. Kwangu kuna wenzake, kuna televisheni." Zuhura aliposikia televisheni akatabasamu. Mimi pia nikafurahi. Nikasema moyoni, shangazi yetu ana huruma.

Mjomba Salum akafuata. "Seif ni mwanamume. Aje Magindu kwangu. Shule ipo, na jioni atajifunza ng'ombe. Nitampa ndama wake mwenyewe."

"Wa kwangu mimi?" Seif aliuliza.

"Wa kwako. Umpe jina."

Nikafurahi tena. Kisha Baba Mkubwa akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, sina sababu ya kumsingizia. "Mwanahawa abaki hapa amsaidie mama yake mkubwa. Na ile nyumba ya Misugusugu isikae bure ikaliwa na mchwa. Tutaipangisha, kodi iwafae wote watatu."

Watu wakaitikia, naam, naam, Mungu awalipe. Na mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo kushukuru ndipo baridi iliponipanda kutoka miguuni. Nilitazama mikono yetu. Zuhura alikuwa amepewa. Seif alikuwa amepewa. Mimi nilikuwa nimepewa. Kila mtu pale alikuwa ameokota kitu kizuri, hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na nilipotafuta kwa akili yangu ile nyumba, lile baraza, wale watatu tuliolala kitanda kimoja, sakafu ilikuwa tupu. Neno la Shangazi peke yake lilikuwa wema. Neno la Mjomba vilevile. Yalipokaa pamoja ndipo yalipotumaliza. Nilikuwa nimewahi kuutengeneza mtego wa namna hiyo kwa mikono yangu, nikacheka, na sasa nilikuwa ndani yake na masikio yananilia wii kama ya mtu aliyepigwa kofi.

"Mwanahawa, umesikia?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Nimesikia. Ahsante, Baba Mkubwa."

Ndivyo mdomo wangu ulivyosema. Mpaka leo naushangaa.

Sikumwona Mama Shija akija. Nilihisi tu kitambaa kikipita mabegani, kikabanwa. Alikuwa amevua kanga yake ya juu na kutuzungushia sote watatu kama mzigo wa kuni, akafunga fundo kifuani kwangu, mwiko wa pilau bado mkononi.

"Nimeteka!" alipiga kelele. "Wazaramo mmelala, nimeteka watoto!"

Zuhura akaanza kulia. Mimi sikuona utani wowote. Kwetu barabarani tulikuwa tunaonywa kila siku juu ya watu wanaoiba watoto, na huyu hapa, tuliyemwamini, alikuwa amengoja siku ya majonzi. Nikamng'ata mkono, kwa nguvu zangu zote.

"Oyooo! Ananing'ata! Mzaramo hajashiba pilau, anataka na nyama ya Msukuma!"

Wakubwa wakacheka. Baba Mkubwa naye akacheka. "Haya mtani, umetuweza. Chukua kuku pale, utuachie watoto wetu."

"Kuku?" Mama Shija aliuchomoa mkono wake kinywani mwangu, hakuliachia fundo. "Kuku ni wa kandambili. Hawa siwauzi mmoja mmoja. Nimewakuta watatu, mtawakomboa watatu."

"Mbuzi, basi."

"Sitaki mbuzi. Anayewataka aje kukaa nao Misugusugu, chini ya bati la mama yao, wote kwa pamoja, mpaka huyu mdogo aolewe. Nani anakuja? Shangazi mtu?"

Shangazi alicheka huku anajifuta jasho. "Mimi nina mume Mbagala, mtani."

"Mjomba?"

"Ng'ombe nitamwachia nani?"

"Mwenye mji?"

Baba Mkubwa hakucheka safari hii. "Mtani, utani nao una mwisho wake."

Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi niliona kwamba amesema kitu kisichosemwa. Mtu hakasiriki kwa mtani, akikasirika ameshindwa mbele ya wote. Mjomba Salum aliinamisha kichwa akamwuliza taratibu, "Shemeji, umekasirika?"

"Nani? Mimi? Nikasirike na Msukuma?" Akacheka kwa meno. Macho yalikaa vilevile.

"Basi kama hakuna wa kukomboa," Mama Shija alisema, "mateka ni wangu, nami nitawaweka pale pale nilipowakuta."

"Na watakula nini?" Baba Mkubwa aliuliza. Swali hilo halikuwa la utani. Mihogo ya Mama Shija ilikuwa inatosha watoto wake tu, na yeye alijua, na Baba Mkubwa alijua.

Nikasikia sauti inasema, "Mimi nitauza mabegi." Ilikuwa yangu. "Najua kuchambua. Najua bei za mama. Seif na Zuhura watasoma."

"Na wewe?" Shangazi aliuliza.

Alinitazama, akashika kidevu, akageuka pembeni. Hakuna aliyenilazimisha wala kunikataza, na zile sare nilizozipiga pasi Jumapili iliyotangulia nilizitia ndani ya gunia la Mama Shija lililokuwa limebeba mihogo. Tuliondoka jioni ile. Baba Mkubwa ndiye aliyetushindilia gunia la unga kwenye gari la mizigo lililotupa lifti, akaning'oa kwenye kumbatio la mama mkubwa, akasema, "Ukishindwa, njoo." Sikushindwa. Lakini nilipenda kwamba alisema.

Sasa nieleze ujinga wangu. Kwa miezi mingi niliamini kweli sisi ni mateka. Nilikwenda kumwomba Mama Shija ruhusa ya kwenda kununua belo. Nilimkanya Zuhura asivuke mfereji wa maji ya mvua, maana niliona ndio mpaka wa kifungo chetu. Seif alikuwa na mpango wa kutoroka, alinionyesha, na nilimwambia angoje mvua ziishe. Mama Shija alidhani nina adabu tu. Mpaka siku niliyokwenda na Seif, tumeoga, nikapiga magoti mbele ya karai lake la mafuta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mna nini leo, mbona kama mnaposa?"

"Tunaomba Seif aende na wenzake wa shule Bagamoyo. Atarudi. Mimi nitabaki kama dhamana."

Alinitazama. Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. Akaweka uma wa kugeuzia chini, akakaa kwenye ndoo. Mihogo ikaungua na hakuigusa.

"Mwanangu," alisema, "siku zote hizi? Nilikuwa natania."

Nilikuwa nimeacha shule, nimejifunza kubishana na wachuuzi wenye ndevu, nimelala na kisu chini ya mto, nikiamini nimefungwa. Kumbe mlango ulikuwa wazi. "Kwa hiyo tuko huru?" nikauliza.

Akafikiri. Nililiona jambo lile likimpita usoni, na uso wake wa kawaida ukarudi taratibu. "Nani kawakomboa?"

Hakuna aliyetukomboa. Ndugu walikuja, walileta mihogo na korosho, Mjomba alileta hata yule ndama kwa picha, Zuhura alikwenda likizo Mbagala akaishiba ile televisheni. Lakini fidia haikutolewa na yeyote, na kwa mila sisi bado ni mali ya Msukuma. Seif anafanya kazi Soga kwenye reli, ana mke. Zuhura anasomea uuguzi. Mimi niko na mabegi.

Nimejaribu kulipa. Nilimpelekea mbuzi, akamla na kusema huyo alikuwa wa siku ile niliyomng'ata. Nilimnunulia kitenge, akauliza kama ni cha mguu wa Seif au wa Zuhura. Majuzi nilimkuta kitandani mchana, jambo ambalo sasa nalishangaa, nikakaa ukingoni nikamwambia aseme anachotaka, nitakitafuta popote.

"Unakijua," alisema. "Mtani hulipwa siku yake. Utakuja uwanyang'anye wanangu kandambili. Utawaambia watu nilikuwa mchoyo, mihogo yangu ilikuwa na mizizi. Utawachekesha mpaka waache kulia."

"Na nikishindwa?"

"Mtani halii kwa mtani wake, Mzaramo. Ukilia nitaamka nikuchape mbele ya watu."

Tangu siku hiyo najaribu. Naamka kabla ya wateja, natundika mabegi, natafuta neno la kumcheka. Naanza vizuri, nasema jamani, huyu mama alikuwa mchoyo. Hapo hapo sauti inakatika, nachukua begi jingine.